Dume la zawadi au dume la watoto? Secretariat na Northern Dancer kwa mfugaji wa Tabora

Shemeji yangu alishuka kwenye basi la Igunga asubuhi, na kabla hajamaliza hata kikombe cha chai akanisogezea simu. "Shemeji, nichagulie hapa." Picha mbili. Ya kwanza ni ya fahali wa miaka mitatu, mwekundu kama tofali lililotoka kwenye tanuri, nundu imesimama, ngozi ya shingo inaning'inia karibu na magoti, na utepe wa zawadi umefungwa shingoni. Alipigwa picha viwanja vya Ipuli wakati wa Nane Nane. Ya pili ni ya dume fupi, la rangi ya majivu, sikio moja limechanika, limesimama kwenye tope la zizi la mzee mmoja huko Uyui. Lenyewe hata huwezi kuliona vizuri. Ndama wamelizunguka, wamejaa picha nzima.

Bei zinakaribiana. Fedha aliyonayo inatosha mmoja tu, na nyumbani ana majike 28 yanayosubiri.

Mimi ni bwana mifugo mstaafu. Kuniuliza swali kama hilo ni kama kumwuliza mvuvi wa Ujiji habari za dagaa: utakaa hadi jioni. Lakini siku hiyo sikuanza na ng'ombe, nilianza na farasi. Akacheka hadi chai ikamwagika. "Farasi gani, shemeji, Tabora hii?"

Ana haki ya kucheka. Nchi yetu ni ya miombo na ndorobo, na farasi hajawahi kuwa mgeni wa kudumu huku. Stanley alipofika Tabora mwaka 1871 akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, alifika bila farasi. Alitoka Bagamoyo na wawili, wote wakamfia njiani hata safari haijakolea. Siku hizi vijana wa mjini wanawajua farasi wa kwenye skrini za vibanda vya kubeti, wasio na baba wala mama.

Nina sababu ya kuwaleta, hata hivyo. Farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred wana kitabu cha ukoo kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1791, na mpaka leo kila mtoto anaandikwa: baba fulani, mama fulani. Uhimilishaji kwa mirija hauruhusiwi, dume lazima lipande lenyewe. Halafu kila mbio imepimwa kwa sekunde na matokeo yako wazi. Kwetu dume linapandia porini, na ndama akizaliwa baba yake tunamkisia kwa rangi. Kwa hiyo mtu akitaka kujua kama sifa ya dume inahamia kwa watoto, wenye jibu lililoandikwa ni watu wa farasi, na wamelilipia mamilioni ya dola kulipata.

Nikamtajia wawili: Secretariat wa Marekani na Northern Dancer wa Kanada. Wa kwanza ndiye yule wa utepe. Wa pili ndiye yule wa tope.

Uwanjani

Tuanze na hesabu yenyewe, kwa kifupi.

Secretariat alizaliwa Virginia tarehe 30 Machi 1970. Alikimbia mara 21, akashinda 16. Kimo chake begani kilikuwa kama sentimita 168.

Northern Dancer alizaliwa Oshawa, Ontario, tarehe 27 Mei 1961. Alikimbia mara 18, akashinda 14, na hakuwahi kumaliza chini ya nafasi ya tatu. Kimo chake kilikuwa kama sentimita 157.

Ukiangalia namba hizo tu utasema wanafanana, tena huyu mdogo ana rekodi safi zaidi. Ila mbio si idadi peke yake.

Kentucky Derby, mojawapo ya mbio tatu kubwa za Marekani pamoja na Preakness na Belmont, ni maili moja na robo, kama kilomita mbili. Mwaka 1964 Northern Dancer aliikimbia kwa dakika 2 kamili, na hakuna farasi aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Rekodi ile ilikaa miaka tisa. Aliyeivunja mwaka 1973 ni nani? Ni Secretariat, kwa dakika 1 na sekunde 59.4. Ukigawanya mbio ile katika robo maili tano, kila robo aliikimbia haraka kuliko iliyotangulia. Wenzake walikuwa wanachoka, yeye ndiyo kwanza anapamba moto.

Preakness akashinda pia, tuipite. Kubwa ni Belmont ya tarehe 9 Juni 1973, maili moja na nusu. Farasi walikuwa watano tu. Secretariat na mshindani wake Sham walitoka pamoja kwa kasi ambayo wazoefu waliiona ni ya kujiua. Kasi ile ikamshinda Sham, akarudi nyuma mpaka akamaliza wa mwisho. Secretariat akaendelea peke yake. Kuna picha ya mpanda farasi wake, Ron Turcotte, amegeuza kichwa pembeni, na nyuma yake uwanja mtupu. Alimaliza kwa dakika 2 na sekunde 24, mbele ya wa pili kwa urefu wa farasi 31. Weka farasi 31 wamepangana mkia kwa pua, hiyo ndiyo nafasi iliyokuwapo. Mpaka leo hakuna aliyeikimbia maili moja na nusu kwenye uwanja wa udongo kwa muda huo. Na tiketi 5,617 za watu waliobeti kwamba atashinda hazikuwahi kupelekwa dirishani kuchukuliwa fedha, kwa sababu wenyewe waliona bora wabaki na karatasi. Nikamwambia shemeji: nitajie mtu wa kubeti hapa Tabora atakayeshinda halafu asiende kuchukua.

Kwa ushindi ule alitimiza mataji matatu, Derby, Preakness na Belmont, katika mwaka mmoja. Kabla yake ilikuwa imepita miaka 25, tangu Citation mwaka 1948.

Northern Dancer hana siku kama hiyo. Alipokuwa wa mwaka mmoja, mwenye shamba E. P. Taylor alimweka sokoni kwa dola 25,000. Wanunuzi wakamwangalia: mfupi, mnene, amezaliwa mwishoni mwa msimu. Wakampita. Taylor akabaki naye kwa kukosa mnunuzi. Kabla ya Derby ya 1964 mpanda farasi maarufu Bill Shoemaker, ambaye alikuwa ameshampanda na kushinda naye, alikuwa na nafasi ya kuchagua kati yake na Hill Rise, farasi mrefu mwenye umbo la kupendeza. Akamchagua Hill Rise. Northern Dancer akapewa Bill Hartack, na akamshinda Hill Rise kwa urefu wa shingo. Shoemaker hakuwa mtu wa kubahatisha, alikuwa bingwa wa kazi yake, na bado jicho lilimdanganya.

Preakness Northern Dancer alishinda. Belmont akawa wa tatu, mataji matatu yakamponyoka. Akarudi kwao Kanada akashinda Queen's Plate, mshipa wa mguu ukaumia, na hakukimbia tena.

Kwa hiyo uwanjani sina ubishi. Utepe ni wa Secretariat.

Shambani

Hapa ndipo shemeji alipoweka kikombe chini.

Secretariat aliuzwa kama dume la mbegu hata kabla hajashinda Derby. Mzee mwenye shamba, Christopher Chenery, alifariki Januari 1973, kodi ya mirathi ikawa inadai, na binti yake Penny akakubali farasi auzwe kwa hisa. Zilikuwa hisa 32, kila moja dola 190,000, jumla dola milioni 6.08. Fedha ya namna hiyo ilikuwa haijawahi kutolewa kwa farasi. Fikiria walionunua: wamelipia watoto ambao bado hawajatungwa, wa baba ambaye bado hajakimbia mbio zake kubwa.

Alipofika shamba la Claiborne huko Kentucky, vipimo vya kwanza vya mbegu zake vikaleta wasiwasi: zilionekana hazijakomaa. Wakampa majike machache ya majaribio, na mmojawapo alikuwa Leola, jike wa aina ya Appaloosa, mwenye madoa. Mtoto wa kwanza kabisa wa farasi huyu wa mamilioni alizaliwa Novemba 1974 kwa huyo jike wa madoa. Wenye hisa wakapumua, maana angalau dume linazalisha.

Likazalisha kweli. Watoto zaidi ya 600, na kati yao hamsini na kitu wakashinda mbio za daraja la juu. Risen Star alishinda Preakness na Belmont mwaka 1988. Binti yake Lady's Secret akawa farasi bora wa mwaka Marekani mwaka 1986, akiwashinda madume. Kwa dume jingine lolote hiyo ingekuwa sifa tele. Lakini watu walikuwa wanasubiri Secretariat wa pili, na hakuja. Kila mtoto wa kiume aliyesimama kwenye mstari alipimwa kwa urefu wa farasi 31. Magazeti yakasema dume limewaangusha. Mimi naona si haki, ila naelewa yalikotoka: bei iliahidi zaidi ya ambavyo damu inaweza kuahidi.

Sasa yule mfupi. Ada yake ya kupandisha ilianza kwa dola 10,000. Katika watoto wake wa mwanzo akatokea Nijinsky. Mwalimu wa farasi wa Ireland, Vincent O'Brien, alitumwa Kanada kumwangalia mtoto wa dume jingine. Hakumpenda, akamwona Nijinsky, akamshauri bosi wake Charles Engelhard amnunue. Walimpata kwa dola 84,000. Mwaka 1970 Nijinsky alishinda mataji matatu ya Uingereza, 2000 Guineas, Derby na St Leger. Tangu hapo hakuna farasi mwingine aliyeyabeba yote matatu.

Baada ya hapo ikawa mvua. The Minstrel akashinda Derby ya Uingereza mwaka 1977. Wakaja Lyphard, Nureyev, Danzig, Storm Bird, Sadler's Wells. Kati ya watoto wake wote, waliopata kushinda mbio za daraja la juu ni zaidi ya mmoja katika kila watano. Kwa Secretariat ni chini ya mmoja katika kila kumi. Ukitaka kulinganisha madume mawili kwa mstari mmoja, mstari ni huo. Hauhitaji picha.

Katika miaka ya 1980 ada ya Northern Dancer ilifika dola milioni moja kwa kupanda mara moja, bila ahadi kwamba jike litashika mimba. Shemeji akaniuliza kama nimeongeza sifuri. Sikuongeza.

Tena wengi wa wanawe wenyewe wakawa madume ya mbegu makubwa, na hilo ni adimu. Sadler's Wells aliongoza orodha ya madume ya Uingereza na Ireland mara 14. Mwanawe Galileo akaiongoza mara 12. Mwana wa Galileo, Frankel, alikimbia mara 14 na kushinda zote 14. Hesabu vizazi: baba, mwana, mjukuu, kitukuu. Dume aliyekosa mnunuzi wa dola 25,000.

Mabinti

Ningeishia hapo ningekuwa nimemdhulumu Secretariat, na nisingekuwa nimemsaidia shemeji.

Wanawe wa kiume hawakuendeleza jina lake kama madume. Mabinti zake waliliendeleza. Binti yake Weekend Surprise alimzaa A.P. Indy, aliyeshinda Belmont ya 1992 na kuwa farasi bora wa mwaka huo, kisha akawa dume la mbegu la kutajwa. Secrettame alimzaa Gone West. Na Terlingua, binti mwingine, alipelekwa kwa Storm Bird, ambaye ni mtoto wa nani? Wa Northern Dancer. Mwaka 1983 wakapata Storm Cat.

Storm Cat uwanjani alikuwa wa kawaida tu ukimlinganisha na babu zake. Mwanzoni shambani hawakumgombania. Baadaye ada yake ikapanda hadi dola 500,000. Kwa hiyo hawa wawili ninaowashindanisha tangu asubuhi walikutana katika damu moja: mmoja kwa upande wa baba wa baba, mwingine kwa upande wa baba wa mama.

Kwa nini kwa mabinti? Ipo nadharia kwamba moyo mkubwa wa Secretariat ulihusika. Alipokufa Oktoba 1989 kwa ugonjwa wa kwato, daktari aliyempasua alikadiria moyo wake kuwa na ratili 22, zaidi ya mara mbili ya kawaida, na wengine wanasema moyo wa namna hiyo hurithiwa kupitia kromosomu ya X. Kromosomu hiyo baba humpa binti tu, mwana wa kiume huipata kwa mama. Kuhusu moyo, ichukue kama nadharia. Kuhusu X, hiyo ni biolojia ya darasani, iwe farasi au ng'ombe.

Kwa mfugaji liko jambo rahisi zaidi. Dume halikamuliwi. Fahali wa Ipuli anaweza kubeba ndani yake maziwa mengi au hakuna kitu, na wewe ukimtazama mchana kutwa hutaona. Maziwa yake yanaonekana kwenye kiwele cha mama yake na cha binti zake. Ndiyo maana madume ya maziwa yanayotoa mbegu za uhimilishaji hupimwa kwa lita za mabinti, si kwa unene wa shingo.

Wale ambao hawakuzaa

Kabla hujanunua kwa jina, sikia habari mbili.

Snaafi Dancer alikuwa mtoto wa Northern Dancer. Mwaka 1983, akiwa wa mwaka mmoja, aliuzwa mnadani Kentucky kwa dola milioni 10.2, farasi wa kwanza wa umri huo kuvuka milioni kumi. Mnunuzi alikuwa Sheikh Mohammed wa Dubai. Hakukimbia hata mbio moja, alikuwa mzito. Wakampeleka shambani, na huko nako akawa na shida ya uzazi, akaacha watoto wanne. Baba bora kuliko wote, na fedha imekwenda na maji.

Cigar yeye hakuwa na shida ya mbio. Alishinda mara 16 mfululizo, akashinda Kombe la Dunia la Dubai la kwanza kabisa mwaka 1996. Alipostaafu akapelekewa majike, na hakuna hata mmoja aliyeshika mimba. Bima ikalipa dola milioni 25.

Na mimi ninaye Cigar wangu, bila bima. Miaka ya mwanzo ya kazi, kwa kiburi cha kusoma, nilinunua fahali mnadani, mrefu, mweusi tii, watu wananipisha njia. Nikamweka na majike 22 masika nzima. Alikuwa anapanda, nilimwona kwa macho yangu, anapanda na kuteremka kama mtu anayetimiza wajibu. Mwaka uliofuata ndama walikuwa wanne, na mmoja kati ya hao nina hakika ni wa dume la jirani. Aliyeniuzia alikuwa ananisifia kwato, pembe na macho. Mimi mwenyewe, bwana mifugo mwenye cheti, sikuinama kushika korodani. Moja ilikuwa ngumu na ndogo kama ndimu. Hilo kosa silisemi kwa mtu ila kwa shemeji, na sasa kwenu.

Turudi kwenye simu

Dume la Uyui lina nini? Lina watoto. Ndama 15 kwenye picha ni ushahidi kwamba linazalisha, kwamba majike hayafi kwa kuzaa, na kwamba watoto wanaishi katika nchi yenye kupe na ndorobo. Kama lina mabinti waliokwisha kuzaa, nenda asubuhi na mapema ukamkute mzee anakamua. Usiulize lita, angalia ndoo. Dume moja likikaa na majike 25 au 30, nusu ya damu ya ndama wako wote ni yake. Jike baya utapata ndama mmoja mbaya kwa mwaka. Dume baya utawapata 20.

Ila dume lililozalisha lina mashaka yake, tena si madogo. Kama limekuwa linaazimwa zizi hadi zizi, linaweza kuwa limebeba ugonjwa wa kutupa mimba, au magonjwa mengine yanayoambukizana kwa kupandana, ambayo dume lenyewe huyabeba likiwa linapendeza tu. Damu ipimwe kabla fedha haijatoka mfukoni. Umri pia: dume la miaka minane limebakiza msimu mmoja au miwili ya nguvu. Na uliza kwa nini mzee analiuza. Jibu zuri kuliko yote ni kwamba mabinti zake wamefikia umri wa kupandwa. Mzee akisema hivyo, ujue umekutana na mtu anayejua kazi.

Maana jambo hilo la damu moja kurudiana limewakuta hata watu wa farasi. Damu ya Northern Dancer imeenea mpaka wafugaji wa Ulaya wanatafuta kwa tochi dume lisilo na jina lake kwenye ukoo. Kuna waliorudisha damu ile kwa makusudi na wakafaulu. Danehill alikuwa na Natalma, mama yake Northern Dancer, pande zote mbili za ukoo wake, na aliongoza madume ya Australia mara tisa. Lakini wale wana kitabu cha miaka zaidi ya 200 na madaktari mlangoni. Wewe mwenye daftari lenye ukurasa uliochanwa kuwasha moto, badilisha dume kila baada ya miaka mitatu, usicheze.

Fahali wa Ipuli ana nini? Ana ujana, ana umbo, na utepe wake si wa uongo, majaji walimwona. Umbo lina faida: miguu iliyonyooka hutembea hadi malambo na kurudi, mgongo mpana ni nyama, na sokoni ndama mwenye sura humpa mwenyewe sauti. Kama wewe unauza madume ya nyama ya miaka mitatu na una malisho ya kutosha, sitakucheka ukimchukua. Lakini utepe ule unakwambia habari za siku moja, akiwa amelishwa pumba na mashudu kwa miezi, ameogeshwa, amepakwa mafuta. Haukwambii mama yake.

Na mama ndiye wa kuulizwa. Secretariat mwenyewe hakuokotwa. Mama yake, Somethingroyal, alikuwa amekwisha kumzaa Sir Gaylord, aliyekuwa farasi mzuri na baba wa Sir Ivor aliyeshinda Derby ya Uingereza mwaka 1968. Natalma naye alikuwa binti wa Native Dancer, na kama asingeumia goti mwaka 1960 angeendelea kukimbia na Northern Dancer asingetungwa mwaka ule. Nyuma ya kila dume kuna jike ambalo watu hawakulipiga picha.

Kwa hiyo nilimwambia shemeji hivi. Kwa majike yake 28 ya asili, malisho ya Igunga ambayo mwezi wa tisa yanabaki vumbi, na shida yake ambayo ni ndama wachache na maziwa ya watoto nyumbani, achukue dume la Uyui kama damu itatoka safi na kama kati ya majike yake hakuna binti wa dume hilo. Angekuwa na ng'ombe wanne wa maziwa pembezoni mwa mji nisingemshauri dume lolote. Ningemwambia atumie uhimilishaji, mbegu za dume lililopimwa, na fedha iliyobaki anunue chakula. Na kama bado moyo uko Ipuli, basi afanye mambo matatu: aende zizini kwa mwenye fahali amwone mama, ashike korodani zote mbili kwa mkono wake mwenyewe, kisha aombe fahali aachiwe jike lenye joto mbele ya macho yake. Mwenye fahali akikataa lolote kati ya hayo, apande basi.

Alianza na Ipuli, nilijua ataanza huko. Mwenye fahali alimkaribisha vizuri, soda ikaja, akaulizwa mama yuko wapi. Mama aliuzwa. Mwaka gani? Hakumbuki. Alikuwa anatoa maziwa kiasi gani? Walikuwa hawamkamui.

Siku ya pili wakaenda Uyui pamoja na kijana wa mifugo wa kata, wakachukua damu. Mzee hakuwa na soda. Aliita mtamba kwa jina, mtamba akaja mwenyewe, mzee akachuchumaa akamkamulia shemeji kwenye kata akamwambia kunywa kwanza, huyu ni uzao wake wa kwanza. Kisha akamwonyesha dada zake watatu. Sababu ya kuuza aliitoa bila kuulizwa: hawa wasichana ni watoto wake, siwezi kuwaacha naye.

Majibu ya damu yalitoka safi. Dume lilisafirishwa Jumamosi kwenye fuso pamoja na magunia ya mpunga, likashuka Igunga sikio lake lililochanika limejaa makapi. Kwenye simu ya shemeji, ukiiwasha, picha inayotokea bado ni ya yule mwekundu wa Ipuli.